Usiogope Kompyuta Kubwa, Ogopa PIN Yako

Wasee, kuna video inazunguka kwa magrupu ya familia, kuanzia Suneka mpaka Nyansiongo: eti kuna kompyuta mpya inafungua akaunti yoyote ya benki, so toa pesa yako mapema. Mimi nasema hofu hiyo imeelekezwa mahali si pake, na inaweza kutugharimu.

Tuanze na hesabu, na msikimbie. Zidisha 89 kwa 97, unapata 8,633. Rahisi. Sasa mpe mtu 8,633 peke yake, umwambie atafute namba mbili zilizoizaa. Atahangaika. Mfumo unaoitwa RSA, unaolinda tovuti nyingi duniani, umejengwa juu ya ugumu huo. Unachukua namba mbili tasa, yaani zile hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe, unazizidisha, halafu jibu linaachwa wazi kila mtu alione. Siri ni vile vigawo viwili.

Siku hizi jibu hilo huwa na tarakimu kama 617. Sema kompyuta inajaribu vigawo trilioni moja kila sekunde, na ilianza kazi siku ulimwengu ulipoanza, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Mpaka leo ingekuwa imefikia namba za tarakimu 30 hivi. Kigawo unachotafuta kiko na tarakimu zaidi ya 300. Kubahatisha? Sahau.

Lakini sisemi haiwezekani milele. Mwaka wa 1977, waliobuni RSA pale MIT walitoa namba ya tarakimu 129 na zawadi ya dola 100. Makadirio yalikuwa mamilioni ya mabilioni ya miaka. Mwaka wa 1994, watu kama 600 wa kujitolea waliunganisha nguvu za kompyuta zao kupitia intaneti wakaivunja, kwa njia za hesabu zenye akili kuliko kujaribu moja moja. Mwaka wa 2020 ikaanguka ya tarakimu 250. Ya 617 bado imesimama. Kompyuta za kwanta zikikomaa zitaiweza, Peter Shor alionyesha njia tangu 1994, na ndiyo maana Marekani ilitoa viwango vipya vya ulinzi mwaka wa 2024. Wenye kufuli hawajalala.

Sasa sikia sehemu tamu. Mwaka wa 2012, watafiti walikusanya funguo mamilioni za RSA kutoka intaneti, wakapata maelfu zinavunjika haraka. Shida haikuwa udogo wa namba. Vifaa vingine vilichagua namba tasa kivivu, mpaka viwili tofauti vikawa na kigawo kimoja. Angalia 91 na 119: zote zina 7 ndani. Kompyuta ikilinganisha namba mbili za aina hiyo, kigawo wanachoshiriki kinatoka chap chap, hata ziwe kubwa namna gani.

Hapo ndipo sisi tuko. Shangazi yangu analima chai upande wa Nyamira. Bonasi ilipoingia, alitaka kuitoa yote aifiche kwa nyumba, sababu ni ile video. Nikamwambia, "Shangazi, usinitajie PIN yako. Niambie tu, ni mwaka?" Akacheka. Ni mwaka alipozaliwa kifungua mimba wake, na kijiji kizima kinaujua.

PIN ya tarakimu nne iko na uwezekano 10,000. Ukiweka mwaka wa kuzaliwa, umebakisha kama 100. Kwa jirani anayekujua, umebakisha mbili au tatu. Na tapeli wa simu hata hahitaji kukisia, anakuomba tu, kwa sauti ya upole, na unampa.

So leo kabla hujalala, badilisha PIN yako, umsaidie na mama abadilishe yake. Isiwe mwaka, isiwe 1234. Na ile video ikija tena kwa grupu, usiisambaze. Wapatie 91 watafute vigawo kwanza, halafu waulize kama PIN yao ni mwaka.