Mikono na Mashine

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walisema wahenga. Lakini wako wazazi ambao huupita uchungu huo wakafika ukingoni mwa uhai. Moyo wa mwanamke waweza kusimama katika upasuaji wa kujifungua kwa kutokwa damu nyingi, au kwa ganzi iliyopanda mno, au kwa maji ya uzazi yaliyoingia katika mishipa ya damu. Hapo kifua chake hakina budi kugandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kishuke sentimita 5 au zaidi kidogo.

Mwaka 1960, huko Baltimore, Marekani, Kouwenhoven na wenziwe Jude na Knickerbocker walitangaza kuwa damu yaweza kusukumwa hivyo kwa mikono, bila ya kupasua kifua. Lakini mkono huchoka, na kila baada ya dakika 2 watu hupokezana. Mashine haichoki. Iko moja iliyotoka Lund, Uswidi, yenye mchi unaopanda na kushuka kwa kipimo kisichobadilika.

Mke wangu ni mmoja wa waliorudi kutoka ukingoni. Mtoto alikwisha kutolewa, moyo wa mama ukanyamaza, na watu wanne wakapokezana juu ya kifua chake mpaka ulipokumbuka kazi yake. Kwa majuma kadhaa mbavu zilimwuma kila alipocheka, naye alicheka vivyo hivyo. Basi nisikiapo mashine ikisifiwa, huipenda kabla ya kuipima.

Walakini pendo si hoja. Jaribio lililotangazwa mwaka 2014, la wagonjwa 2,589 ambao mioyo yao ilisimama nje ya hospitali, halikuonyesha kuwa mashine iliokoa watu wengi kuliko mikono. Tena mja mzito ana haja yake. Mfuko wa uzazi hulalia mishipa mikubwa ya damu. Kwa hiyo mtu mmoja husukuma tumbo upande wa kushoto huku mwenziwe akigandamiza kifua, na moyo usiporejea, mtoto hutakiwa awe ametolewa kwenye dakika ya 5. Kwa kukosa ushahidi, Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2015 hakikushauri mashine kwa mja mzito.

Naona nafasi yake baada ya mtoto kutoka, mikono inapolegea na mpasuaji angali akizuia damu. Hata hapo, wasioizoea watapoteza sekunde wakitafuta mikanda yake, na sekunde hizo hulipwa na ubongo wa mgonjwa.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Mikono mingi nayo yahitaji sauti moja. Hapa ndipo mwalimu wa lugha ana fungu lake. Wauguzi wanijiapo kwa tafsiri, nawapa maneno mafupi yasiyo na maana mbili: gandamiza, pokea, sukuma kushoto. Nawataka wayaseme kwa sauti, tena na tena, siku ambayo hakuna mgonjwa kitandani.