Mti Uliovaa Sura ya Budha

Dini ya Budha iliingia Japani ikiwa na uso. Kitabu cha tarehe kiitwacho Nihon Shoki, kilichokamilishwa mwaka wa 720, chasimulia kuwa mwaka wa 552 mfalme wa Paekche, katika Korea, alimpelekea mfalme wa Japani vitabu vya dini na sanamu ya shaba iliyopakwa dhahabu. Maandiko mengine yautaja mwaka wa 538. Wajapani walikuwa na miungu yao ya milima, mito na miti mikubwa, ambayo kwa desturi ya wakati ule haikufanyiwa sanamu. Basi mgeni yule mwenye macho na midomo alizusha ugomvi barazani mwa mfalme. Ukoo wa Soga ulitaka aabudiwe. Ukoo wa Mononobe ulihofia hasira ya miungu ya wenyeji, na maradhi yalipoenea sanamu ilitupwa katika mfereji wa Naniwa.

Dini haikuzama pamoja nayo. Mwaka wa 623 fundi Tori, mjukuu wa mhamiaji, alisubu kwa shaba sanamu tatu ambazo zingali katika hekalu la Hōryū-ji. Ni nzuri, lakini kwa uzuri wa mgeni aketiye wima katika nyumba ya watu: mikunjo ya nguo imelingana, tabasamu ni moja, wala hazikukusudiwa kutazamwa ila kwa mbele. Hata Budha Mkuu wa Tōdai-ji, mwenye kimo cha mita 15 hivi, aliyeamriwa na mfalme Shōmu baada ya ndui kuua watu wengi kati ya 735 na 737, alitiwa macho mwaka wa 752 kwa mkono wa Bodhisena, mtawa kutoka Bara Hindi.

Sanaa hiyo ilipata ulimi wa nyumbani katika mti. Hapo kwanza sanamu ilitolewa katika gogo moja, na gogo lina ila yake: nje hukauka upesi kuliko ndani, hupasuka, na ufa haujali kuwa wapita katika paji la mtakatifu. Fundi Jōchō aliikamilisha njia nyingine, ya kuunganisha vipande vingi vilivyokombwa ndani. Sanamu ikawa nyepesi, na mafundi wengi wakaweza kuifanyia kazi kwa wakati mmoja. Kwa njia hiyo alimchonga Amida wa hekalu la Byōdō-in mwaka wa 1053.

Yafaa kuukumbuka mwaka huo. Wengi waliamini kuwa 1052 ulikuwa mwanzo wa zama za mwisho, ambapo mafundisho ya Budha yangefifia na mwanadamu asiweze kujiokoa kwa juhudi yake. Fujiwara no Yorimichi, mkuu wa serikali, aligeuza jumba lake la starehe kuwa hekalu mwaka huohuo. Mtu angetazamia sanamu ya kutisha. Jōchō alichonga utulivu: macho yaliyofumbwa nusu, mabega ya mviringo, mikono iliyolala mapajani. Amida huyu hahukumu, angoja.

Kitisho kilikuja baadaye, kwa moto. Mwaka wa 1180 majeshi ya Taira yaliteketeza mahekalu ya Nara, na katika Tōdai-ji waliungua watu waliokimbilia humo kujiokoa. Mtawa Chōgen, aliyekwisha kufikia miaka 60, alikabidhiwa kazi ya kujenga upya. Aliomba sadaka nchini, na magogo yakaletwa kwa maji toka Suō, magharibi ya mbali. Langoni, mwaka wa 1203, Unkei, Kaikei na wenzao walisimamisha walinzi wawili wa mti, kila mmoja akipita mita 8, kwa siku 69 tu. Haraka haina baraka, husema wahenga. Lakini hapa mishipa imetuna, na nguo zapepea pasipo upepo. Bila njia ya Jōchō kazi hiyo isingaliwezekana kwa muda huo.

Walinzi hao walifunguliwa kwa matengenezo kati ya 1988 na 1993. Kila mmoja alionekana kuwa na vipande vipatavyo 3000, na ndani mlikuwa na maandiko ya dini pamoja na majina ya mafundi. Ilidhihirika pia kuwa baadhi ya viungo, kitovu kikiwa kimojawapo, vilichongwa, kisha vikahamishwa, ili mtu apitaye chini ya lango akiinua macho avione mahali pake.