"Hapana" Isiyo na Uongo



Siku hizi simu ya nyumbani hailii tena kwa ajili ya ndugu na rafiki tu. Inalia wakati wa chakula, wakati wa kazi ya shule, hata usiku watoto wanapolala, na anayeita hatumjui. Pengine ni sauti iliyorekodiwa, inayotuomba tubonyeze tarakimu ili tupate muziki au kuingia katika bahati nasibu. Pengine ni kijana mwenye sauti ya upole anayetutolea bidhaa. Tukikataa leo, kesho anarudi kwa namba nyingine.

Katika nyumba nyingi tumesikia dawa ileile. Mzazi anampa mtoto simu na kumnong'oneza: "Mwambie baba hayuko." Mtoto anatii, simu inanyamaza, na mzazi anadhani amepata amani kwa bei rahisi. Kumbe bei hiyo analipa mtoto. Amejifunza kwamba uongo unafaa kila mara tunapotaka kuondoa kinachotusumbua. Sisi tunaofundisha twajua kwamba somo hilo halibaki kwenye simu: kesho litatumika mbele ya mwalimu, na kesho kutwa mbele ya mzazi yuleyule. Amri ya nane haisemi kwamba mgeni asiyeonekana aweza kudanganywa.

Wengine huchagua matusi. Lakini anayeita ni nani? Mara nyingi ni kijana kama ninyi, aliyemaliza masomo, akatafuta kazi, akapewa kiti, orodha ya namba na maneno ya kusoma. Maneno hayo hakuyatunga yeye. Wahenga walisema: mjumbe hauawi.

Basi tuseme ukweli, kwa ufupi na mara moja tu: "Asante, ndugu. Sisi hatununui kitu kwa simu. Tunaomba namba yetu iondolewe katika orodha yenu. Kwaheri." Kisha tukate. Hatuna deni la kueleza sababu, wala la kusikiliza baada ya kuaga. Jibu hilo linamfaa hata mwenye kuita, kwa maana halimpotezei muda. Familia ikubaliane juu yake mapema, ili hata mtoto aweze kujibu bila kudanganya: "Wazazi wameamua kwamba hatununui kwa simu."

Kwa sauti ya mashine hatuhitaji kuaga. Tukate bila kubonyeza kitu, kwa kuwa tarakimu moja yaweza kutuandikisha katika huduma inayokula unite zetu kidogo kidogo. Naye anayetuomba namba ya siri ya pesa za simu si mchuuzi, ni mwizi. Vivyo hivyo, mtu akidai kwamba ametutumia pesa kwa makosa na kwamba tumrudishie upesi, tukate, tutazame salio letu wenyewe, tusiamini ujumbe alioutuma yeye.

Nchi yetu ina Kanuni ya Kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake mna ulinzi wa habari za mtu binafsi. Marekani ilifungua mwaka 2003 orodha ya taifa ya namba ambazo wachuuzi hawaruhusiwi kuziita. Hata hivyo simu hizo hazikwisha, kwa sababu mdanganyifu haheshimu orodha. Sheria inasaidia, lakini haiwezi kujibu simu badala yetu.

Mwisho, tuwafikirie wazee wetu. Walilelewa kujua kwamba kumkatiza mtu maneno ni kukosa adabu, na kwa hiyo wanasikiliza mpaka mwisho. Ni adabu hiyo njema ambayo mdanganyifu anaitumia kama mlango. Ninyi ndio mnaowasomea bibi na babu ujumbe katika simu zao. Juma hili, kaeni nao, mrudie pamoja lile jibu fupi mpaka walizoee, na muwahakikishie kwamba kuaga na kukata simu si dharau.