Usiinyime pikipiki pumzi kwa kuogopa mvua

Wadau, kila mvua za masika zikianza hapa Dar es Salaam huwa naona jambo lilelile pale kijiweni kwetu. Vijana wa bodaboda wanafungua kava la pembeni, lile la chini ya kiti, wanatafuta mfuko wa plastiki, wanauviringisha kwenye mdomo wa boksi la filta ya hewa, wanafunga kwa mpira, kazi inaendelea. (Mifuko yenyewe ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini chini ya kiti cha bodaboda nani atakwenda kukagua?) Ukiwauliza wanakujibu, "Dada, tunazuia maji yasiingie kwenye injini."

Nia ni njema kabisa. Ila injini nayo inapumua, tena inapumua kuliko watu wengi wanavyodhani. Kuunguza lita moja ya petroli kunahitaji karibu lita 9,000 za hewa, na hewa yote hiyo inapita kwenye filta. Ukiziba mlango huo nusu, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, pikipiki inakosa nguvu, inatoa moshi mweusi na kula mafuta. Kijana anadhani ni petroli iliyochakachuliwa, kumbe ni mfuko wake mwenyewe.

Mimi naendesha pikipiki kwenda kazini, mvua na jua, kwa sababu habari haingoji foleni ya Ubungo. Na nimejifunza kwa mafundi kwamba mvua ya kutoka juu haina ubaya mkubwa kwa pikipiki ambayo haijachokonolewa. Waliotengeneza walishafikiria. Filta imekaa ndani ya boksi, boksi lina mfuniko wenye mpira wa kuziba, na mdomo wa kuvutia hewa umefichwa chini ya kiti. Hata matone yakipenya, chini ya boksi kuna kibomba kidogo cha mpira ambamo maji na oili hukusanyika. Ukikiona kimejaa, ondoa kizibo, mwaga, rudisha. Basi.

Taabu inaanza pale tunapoleta ujuaji. Kava la pembeni limevunjika klipu, tunaling'oa kabisa. Mpira wa boksi umekatika, tunaacha hivyohivyo. Kuna wanaotoa boksi zima na kufunga filta ya nje, ile iliyo wazi, ili pikipiki ingurume. Hiyo ndiyo inayohitaji mwavuli! Na wale wa kuosha pikipiki kwa mashine ya presha, jamani, waambieni wasielekeze maji chini ya kiti. Dakika moja pale inaweza kuingiza maji kuliko mvua ya kutoka Mbezi hadi Posta.

Lakini adui mkubwa ni maji yaliyotuama. Jirani yangu alikuwa na pikipiki ya mkataba, anapeleka hesabu ya shilingi 10,000 kila siku kwa tajiri wake, na ilikuwa imebaki miezi mitatu tu iwe yake. Jioni moja Msimbazi ulikuwa umefurika pale Jangwani, abiria anamhimiza, naye akaona wenzake wawili wamepita. Akaingia. Maji yalipofika usawa wa kiti injini ikagonga mara moja, ko! Kimya.

Kilichotokea ni hiki. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ya injini ya CC 150 ikipanda hadi juu kabisa, nafasi inayobaki ni ya kama kijiko kimoja kikubwa cha chakula na kidogo zaidi. Kukiwa na maji kuliko hapo, pistoni haina pa kwenda, na kitu kinachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika. Fundi alipofungua ndicho alichokuta. Injini ilikaa chini wiki mbili, na kwa mujibu wa mkataba hesabu ilikuwa inaendelea kuhesabiwa. Deni lile lilimpeleka hadi kuuza friji. Hakuna mfuko wa plastiki ambao ungemsaidia.

Kwa hiyo mimi kipimo changu ni ekseli ya gurudumu. Maji yakizidi hapo nageuza, hata kama mhariri anapiga simu mara tano. Pikipiki ikizimika ndani ya maji, usibonyeze stata, usipige kiki. Zima swichi, isukume hadi pakavu. Fungua boksi, toa filta, futa maji yote. Fungua plagi, halafu ndipo upige kiki taratibu hadi tundu la plagi liache kutema maji. Kama ni ya kabureta, legeza skrubu ya chini ya bakuli lake, mwaga mafuta yaliyochanganyika na maji.

Filta yenyewe inategemea ni ya aina gani. Ya sponji unaiosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, unaikamua kwa kuibana bila kuisokota, unaianika kivulini, kisha unaipaka oili kidogo na kuibana tena ili isidondoshe. Ya karatasi haioshwi. Ikilowa ikalegea, nunua nyingine. Bei yake na bei ya konrodi hazikai kwenye sentensi moja.

Halafu kabla ya kuondoka angalia oili ya injini. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamefika huko nako. Imwage, weka mpya, washa injini dakika chache, uiangalie tena. Ikirudi rangi ileile, imwage tena, ndiyo, hata kama umeinunua sasa hivi na mfukoni imebaki nauli tu.