Dola moja

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, mzee hakunifokea. Aliuliza tu kama ningeingia kwa karakana yake ya viti. Nikakataa, na kwa nini sijawahi kumwambia.

Juzi nikitafuta stori ya video nikakutana na familia ya Fuente, watengenezaji wa siga, zile sigara nene za kuviringishwa kwa mkono. Arturo Fuente, Mkyuba, alianza Florida mwaka wa 1912. 1924 kiwanda kikateketea. Miaka zaidi ya ishirini baadaye akaanza tena, nyumbani kwake, watoto wakiviringisha tumbaku wakitoka shule. Mwanawe Carlos akanunua biashara yote kutoka kwake kwa dola moja. Moja, wasee! Akaipeleka Nicaragua, moto ukaila tena wakati wa mapinduzi. 1980 akaanza upya Jamhuri ya Dominika, na wako huko hadi leo.

Mimi sivuti, na sisifu tumbaku. Shida yangu ni hiyo dola. Nilidhani mzee anatafuta mfanyakazi wa bure.

Karakana yake iko na randa mbili na deni la mbao. Dola ni kama shilingi 130. Ziko kwa M-Pesa yangu. Bado sijatuma.