Boksi la Tatu

Simu yangu ina ufa unaopita katikati ya skrini kama vile barabara ya Kakamega inavyopita katikati ya Kondele. Kwa miezi mitatu, kila Ijumaa saa tisa, hiyo ndiyo ilikuwa kompyuta ya darasa zima. Wanafunzi zaidi ya 40 wa Gredi ya 5, simu moja, bando la shilingi 20.

Shule ilikuwa na tableti. Ni zile serikali ilianza kusambaza 2016, baada ya ile ahadi ya laptopu ya uchaguzi wa 2013. Zilikaa ofisini ndani ya kabati la chuma, kufuli juu, na nilipoziomba niliambiwa ni za madarasa ya chini, na tena chaja zingine hazionekani. Sikubishana. Sina namba ya TSC. Sina hata digrii. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda watu wa nyumbani. Pale shuleni niliingia kwa hisani ya mwalimu mmoja wa Kiswahili tuliyeishi naye ploti moja. Yeye ndiye aliniambia, "Wewe si huandika? Kuja uwafanyie kitu. Insha zao zinaniua."

Nikazisoma hizo insha. Kwa mujibu wa daftari lake, kila mtoto wa Kondele huamka alfajiri majogoo yakiwika, huoga maji moto, hunywa chai kwa mayai, kisha huwaaga wazazi wake wawili jua likichomoza mashariki. Hakuna anayetoka Obunga. Hakuna tuktuk, hakuna stima kupotea. Na wote wanapata alama 22 kwa 40, kwa sababu hata majogoo huchosha.

Mimi nilijifunza kusoma kwa raha kupitia Shujaaz. Ilianza kutoka 2010, bure, ndani ya gazeti na kwa maduka ya M-Pesa, na iliandikwa kwa Sheng. DJ Boyie wake alikuwa kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, akafungua redio ya siri chumbani kwake. Babu yangu naye alikuwa na Juha Kalulu, kazi ya Edward Gitau ndani ya Taifa Leo. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba huko pia ni kusoma. Nilizificha chini ya dawati kama njugu.

Kwa hivyo tulifanya vibonzo. Unakunja karatasi mara mbili, ukiikunjua una maboksi manne. Unachora kwa penseli. Mimi napiga picha karibu na dirisha, nakata kila boksi, naingiza kwenye apu ya bure, halafu mwenye hadithi anakuja mbele kuweka maneno ndani ya yale mapovu ya kuongelea. Watoto waliyaita mayai. "Ticha, yai langu limepasuka," maana yake maneno yamezidi nafasi.

Na hapo ndipo nilipoona kitu. Ukijaza yai, apu inapunguza herufi mpaka zinakuwa ndogo kama chawa. Lazima ufute. Msichana mmoja alianza na majogoo yake yote, akafuta, akafuta tena, akabaki na "Mama, maji imeisha." Yai pia lina mkia, na mkia lazima uguse mdomo wa mtu. Huwezi kuandika sentensi isiyo na mwenyewe. Miaka minane ya shule ya msingi hakuna aliyewahi kuniuliza: haya maneno yako, ni nani anayasema?

Wiki moja nikawafungulia African Storybook, ile maktaba ya mtandaoni inayokuruhusu kutumia picha zake kutunga hadithi yako. Kuna hadithi za Kidholuo mle. Darasa lilinyamaza, kisha mtu akauliza kama inaruhusiwa. Swali la haki. Mlangoni kulikuwa na bango: Kiingereza Jumatatu hadi Alhamisi, Kiswahili Ijumaa.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma hakuwa anaandika kabisa. Daftari lake la insha lilikuwa na tarehe tu. Mamake alikuwa anauza mgongo wazi karibu na flyover. Kama wewe si wa Kisumu: mbuta hupasuliwa kiwandani, minofu inasafirishwa ng'ambo, na ule mfupa unaobaki, kichwa na mkia vikiwa bado vimeshikana, unakuja kwetu kukaangwa.

Huyu kijana alijaza maboksi yote manne kwa siku moja. La kwanza, mama na karai lake, na samaki mfupa mtupu anasema: "Nyama yangu iko Ulaya. Mimi nimebaki." La pili, watu wanakimbia, hakuna yai hata moja. La tatu, moshi, karai limepinduka, buti nyeusi imemkanyaga samaki, na samaki anauliza: "Sasa hata mifupa?" La nne, usiku nyumbani, ugali peke yake mezani, na mtoto: "Ere rech?" Samaki yuko wapi?

Hakuitunga. Ilikuwa 2023, miezi ile ya maandamano ya gharama ya maisha, na anayejua Kondele anajua vitoa machozi vilivyonuka mpaka ndani ya nyumba.

Siku ya wazazi ikakaribia. Mwalimu mkuu akapitia kurasa kwenye simu yangu, akacheka kwa samaki, kisha akasimama kwa boksi la tatu. "Hii hapana. Wageni watasema tunafundisha watoto siasa." Nikaanza kusema kitu. "Kijana wangu, wewe utaenda. Mimi nitabaki hapa." Na alikuwa anasema ukweli.

Nilibonyeza boksi la tatu, nikabonyeza alama ya pipa. Sekunde moja. Apu ikayapanga yaliyobaki yenyewe, vizuri kabisa, kana kwamba yalikuwa matatu tangu mwanzo. Nikaprinti saiba, shilingi 10 ukurasa.

Wazazi walifurahia ule ukuta. Mamake alikuja na leso kiunoni, akasoma polepole, kidole juu ya karatasi. Mzee mmoja kando yake akacheka: "Huyu mama amewatoroka wateja!"

Yeye hakucheka. Akanigeukia. "Mwalimu, mbona hapa ni kama mimi ndio nilikimbia nikaacha samaki?"

Nikamwambia nafasi haikutosha, Mama. Nilisema hivyo mtoto wake akiwa amesimama hapo katikati yetu.

Kijana akaingiza mkono ndani ya soksi, akatoa karatasi yenyewe, ile ya penseli, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama tikiti ya basi. Mamake akaikunjua. Akaiangalia muda mrefu, kisha akaifunga kwenye pindo la leso, pale anapofunga pesa.

"Ticha," kijana akaniuliza, kwa upole kabisa, "kwani simu ilikuwa imejaa?"