Waridi la Naivasha Nililolikuta Rotterdam

Mpenzi msomaji, iwapo umewahi kupita barabara ya Moi South Lake kule Naivasha alfajiri, basi bila shaka umewaona. Wanawake waliojitanda leso, wengine wakishuka kwenye mabasi, wengine wakikata miguu, wote wakielekea kwenye malango ya mashamba ya maua. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao kwa miaka 14. Mshahara wake wa kukata waridi ndio ulionisomesha hadi nikapata diploma ya uandishi wa habari.

Basi binamu yangu aliyeolewa Rotterdam, nchini Uholanzi, aliponialika nimtembelee mwezi wa Aprili, nilidhani Mama ataniagiza koti au viatu. Hakuniagiza chochote cha dukani. "Mwanangu," aliniambia, "ukifika huko, niangalizie kama yale maua yetu hufunguka."

Usicheke, msomaji. Waridi la kuuzwa ng'ambo hukatwa likiwa bado tumba. Likichanua shambani ni hasara tupu. Hutupwa, na aliyechelewa kulikata hukaripiwa mbele ya wenzake. Kwa miaka yote hiyo Mama hakulijua ua lililofunguka ila kama kosa la mtu fulani.

Nilifika Rotterdam siku ya upepo mkali, nikiwa nimevaa kila nguo niliyobeba. Sisi wa Nakuru, tangu mji wetu ulipopandishwa hadhi na kuwa jiji mnamo Desemba 1, 2021, tunajiona tumefika. Hata hivyo, nilipotoka nje ya kituo kikuu cha garimoshi na kuinua macho kutazama majumba ya vioo, shingo iliniuma. Jambo lingine lililonitia wasiwasi ni kwamba sehemu kubwa ya mji huo iko chini ya usawa wa bahari. Mimi niliyezaliwa zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, Menengai ikinilinda mgongo, usiku wa kwanza nililala nikitega sikio nisikie kama maji yanaingia.

Huenda ukajiuliza kwa nini mji wa kale wa Ulaya ukawa na majengo mapya kiasi hicho. Jibu lake ni la kusikitisha. Mnamo Mei 14, 1940, ndege za Ujerumani ziliudondoshea mabomu kwa muda wa kama robo saa tu, na moto ukamaliza kilichobaki. Mamia ya watu walikufa na wapatao 80,000 wakabaki bila makao. Kanisa la Laurens lilibaki magofu, likakarabatiwa baadaye. Karibu na bandari ya zamani kuna sanamu ya mchongaji Ossip Zadkine, iliyozinduliwa mwaka wa 1953. Ni mtu aliyeinua mikono juu kama anayezuia kitu kisimwangukie, na pale penye moyo na tumbo pana shimo. Nilisimama hapo hadi binamu yangu akanivuta mkono kwa baridi.

Baada ya hapo wenyeji waliamua kujenga kwa mtindo wao, na mengine, kusema kweli, ni vituko. Kuna nyumba za mchemraba za msanifu Piet Blom, zilizokamilika mwaka wa 1984, zilizosimamishwa kwa pembe kana kwamba zinataka kuanguka. Moja imefunguliwa kwa wageni, nikaingia. Kuta zake zimeinama hata sikuelewa mtu huegemeza wapi kabati. Mchana tulikula chakula kiitwacho kapsalon, maana yake saluni, kwa kuwa inasemekana aliyekiagiza kwa mara ya kwanza ni kinyozi mwenye asili ya Cape Verde, mwaka wa 2003. Ni chipsi, nyama, jibini na saladi katika sahani moja ya karatasi ya bati. Kinashibisha, ingawa sukumawiki ilinijia akilini.

Katika barabara ya Coolsingel nilijawa na fahari. Hapo ndipo mbio za Rotterdam Marathon humalizikia, na mnamo Aprili 1998 Tegla Loroupe wetu aliweka humo rekodi ya dunia ya wanawake, saa 2 dakika 20 na sekunde 47. Eliud Kipchoge naye alishinda hapo mwaka wa 2014. Nilimweleza shemeji yangu Mholanzi nikitembea kifua mbele, utadhani ni mimi niliyekimbia. Yeye alijibu kwa upole kwamba hupanda baiskeli tu.

Karibu na daraja la Erasmus, lenye urefu wa mita 802 na lililofunguliwa mwaka wa 1996, tulipanda meli ya watalii kuzuru bandari. Msomaji, hiyo si bandari, ni nchi! Inaanzia mjini na kwenda kiasi cha kilomita 40 hadi Bahari ya Kaskazini, na hupitisha zaidi ya tani milioni 400 za shehena kwa mwaka. Tuliona gati baada ya gati, kreni zimejipanga kama twiga wanaokunywa maji. Shemeji akanieleza kwamba kwenye baadhi ya gati za mbali magari yanayobeba makontena hujiendesha yenyewe, bila dereva. Nikawakumbuka utingo wetu wa malori pale Salgaa, nikawaza watakula nini siku mashine hizo zikifika kwetu.

Kati ya makontena hayo yamo yenye jokofu. Maua mengi ya Kenya bado hupelekwa kwa ndege, lakini siku hizi mengine hutoka Naivasha hadi Mombasa, yakapakiwa melini katika baridi ya karibu nyuzi sifuri, na kukaa baharini mwezi mzima au zaidi. Nilipoambiwa hivyo, kila kontena jeupe lililopita nililikodolea macho.

Siku ya tatu tulikwenda Hoek van Holland kutazama lango la kuzuia bahari, Maeslantkering. Ni milango miwili, kila mmoja una urefu wa mita 210 na kimo cha mita 22. Bahari ikitishia kufura, inajifunga. Walimaliza kuijenga mwaka wa 1997, kwa kuwa mafuriko ya mwaka wa 1953 yaliwaua watu 1,836 nchini humo. Hapo sikupiga picha nyingi. Mwaka wa 2020 ziwa Naivasha lilipofura na kuingia mtaa wa Kihoto, Mama alikuwa mpangaji huko. Alihamisha godoro na sufuria zake, maji yakiwa magotini, akaenda kuanza upya Karagita. Shemeji aliniuliza mbona nimenyamaza. Nilimwambia ni upepo.

Sasa turudi kwenye agizo la Mama. Jumamosi kuna soko la wazi katika uwanja wa Binnenrotte, kando ya Markthal, lile jengo la mwaka wa 2014 lililopinda kama handaki na kuchorwa matunda na maua darini. Muuza maua mmoja, mzee mwenye sauti ya manamba wa matatu, alikuwa na ndoo za waridi. Niligeuza karatasi za mashada moja baada ya jingine, akaanza kunitazama vibaya, hadi nilipoona neno dogo: Kenya. Waridi 10 jekundu kwa yuro 6, karibu shilingi 900. Niliona haya kulipa pesa hizo kwa kitu ambacho kwetu hutupwa kwenye jaa nikiwa mtoto wa kutazama tu, lakini nililipa.

Niliyatia katika jagi dirishani. Jumapili matumba yalikuwa yamefumba vilevile. Jumatatu yalilegea kidogo. Jumatano asubuhi, kabla ya kunywa chai, niliyakuta yamefunguka yote kumi, makubwa kama vikombe, petali zimepindukia nje. Binamu yangu, anayenunua maua kila wiki, alipita na kusema, "Ah, sasa yamekuwa mazuri," akaendelea kutafuta funguo zake.

Nilimpigia Mama simu ya video. Kwao ilikuwa saa nne na alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Nikaigeuza simu kuelekea dirishani, nisiseme neno. Alisogeza uso karibu hata nikaona paji tu la uso wake na leso. Alinyamaza kwa muda nikadhani mtandao umekatika.

"Yamefunguka," alisema hatimaye. Kisha, kwa sauti ile ya kazini ninayoijua tangu utotoni, "Hebu nipimie shina."

Niliazima utepe wa kushonea wa binamu yangu. Sentimita 50.

"Aliyekata hilo alikata vizuri," Mama akasema. "Hebu nionyeshe na yale mengine."